Mkono Unaopewa Chuma: Uzito wa Bastola kutoka Webley hadi Ceska

Webley Mark VI, bastola ya silinda iliyopitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, ina uzito wa gramu 1,080 hivi bila risasi. Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina gramu 625 hivi bila magazini. Kati ya namba hizo mbili karibu nusu kilo ya chuma imepotea njiani, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mepesi kuliko bastola yenyewe: kwamba watu wa zamani hawakujua kutengeneza silaha nyepesi, kisha plastiki ikaja, mambo yakaisha. Maelezo hayo hayasimami. Bastola nyepesi zilikuwepo tangu zamani, na bastola nzito za chuma kitupu ziliendelea kubuniwa hata baada ya wahunzi kujua njia tatu za kuzipunguza. Hoja yangu ni kwamba uzito wa bastola uliamuliwa hasa na maoni ya mnunuzi juu ya mkono atakaoukabidhi silaha hiyo: umefundishwa kwa muda gani, utaibeba kwa saa ngapi, na utaipiga mara ngapi katika maisha yake.

Tambarare ya Athi, ambako Kinanie iko kati ya mji wa Athi River na barabara ya Kangundo, ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hii. Si kwa sababu ya kiwanda cha silaha. Ni kwa sababu waliobeba bastola hizo walipita hapa au walitoka hapa: mabwana shauri wa Machakos, wageni wa reli, wawindaji wa Kapiti, na upande wa pili vijana wa Kikamba walioingia Keya, yaani King's African Rifles, kwa maelfu na kupewa bunduki ndefu, bastola wakaiona kiunoni mwa mwingine.

Silaha ya afisa, 1889–1914

Kampuni ya Imperial British East Africa ilifungua kituo chake Machakos mwaka 1889, na John Ainsworth akaanza kukisimamia mwaka 1892. Miaka miwili tu kabla ya kituo kufunguliwa, mwaka 1887, jeshi la Uingereza lilikuwa limepitisha Webley Mark I, yenye kipenyo cha .455, iliyotengenezwa Birmingham. Ubunifu wake mkuu ulikuwa bawaba. Ukifungua kitasa cha juu, mtutu na silinda huinama mbele, na kidude chenye umbo la nyota husukuma maganda yote sita nje kwa mara moja. Fremu iliyokatwa katikati namna hiyo lazima iwe na chuma kingi mahali pa bawaba na mahali pa kitasa, la sivyo nguvu ya baruti itailegeza baada ya muda. Kwa hiyo sehemu ya uzito wa Webley ilikuwa bei ya kujaza risasi haraka.

Sehemu nyingine inaelezwa na mnunuzi wake. Afisa wa Kiingereza alijinunulia bastola kwa fedha zake, kwa sharti kwamba ipokee risasi za jeshi. Hakuna bohari iliyomhesabia gramu. Mara nyingi alikuwa juu ya farasi, au alikuwa na mtumishi na wapagazi wa kumbebea vitu vingine vyote, na bastola yenyewe aliifunga kwa kamba iliyopita kwenye pete chini ya mpini ili isimpotee ikianguka. Mtu wa namna hiyo haoni kilo moja kuwa mzigo. Winston Churchill, ambaye jeraha la bega lilimzuia kutumia upanga, alibeba Mauser C96 katika vita vya Omdurman tarehe 2 Septemba 1898. Bastola hiyo ina zaidi ya kilo moja na gramu mia moja, magazini yake ya risasi kumi iko mbele ya kifyatulio, na ala yake ya mbao hugeuka kuwa kitako cha kuegemeza begani. Alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, alipita kwa treni kwenye tambarare hizi hizi. Theodore Roosevelt alishuka Kapiti mwezi Aprili 1909 kuanza safari yake ya kuwinda, na kilichohesabiwa katika mizigo yake kilikuwa bunduki za mitutu mirefu. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani bastola iliiteka nchi hii. Reli, mikataba na bunduki ndefu ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Bastola ilionyesha nani ana cheo.

Askari wa Kiafrika hakupewa. King's African Rifles iliundwa rasmi mwaka 1902, na Wakamba wakawa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi. Askari alipewa bunduki, akahesabiwa risasi, na kila jioni silaha ilijulikana iko wapi. Bastola hufichika, na mkoloni hakupenda silaha ya kufichika mikononi mwa mtu aliyemtawala. Huo nao ulikuwa uamuzi juu ya mkono, na ndio uamuzi wa kwanza katika historia hii kwa upande wetu.

Vumbi na matope, 1914–1918

Vita Kuu ya Kwanza ilizijaribu bastola za chuma kwa namna ambayo karakana haiwezi. Upande wa Wajerumani walikuwa na Luger ya mwaka 1908, yenye gramu 870 hivi na risasi nane. Mpini wake umelala kwa pembe inayofuata kiganja, na ukiinyoosha huelekea shabaha karibu yenyewe. Lakini kifundo chake cha juu, kinachokunjika kama goti kila risasi inapotoka, kilitengenezwa kwa vipimo vya karibu sana, na sehemu kubwa ya mtambo huo iko wazi. Mchanga na matope viliipa shida. Webley, nzito kuliko Luger kwa zaidi ya gramu 200, ilivumilia uchafu kwa sababu silinda yake huzungushwa na nguvu ya kidole. Risasi moja ikikataa kulipuka, unavuta tena na nyingine inakuja. Hapa uzito ulikuwa umenunua kitu cha maana: mtambo usiotegemea nguvu ya risasi ili ufanye kazi.

Kwa upande wa Marekani, John Moses Browning alikuwa ametoa jibu tofauti. Colt M1911, ya kipenyo cha .45, ina gramu 1,100 hivi na risasi saba, nzito kama Webley lakini bapa, inayolala vizuri kwenye ala. Mtutu wake hujifunga kwenye kifuniko cha juu, viwili hivyo hurudi nyuma pamoja kidogo, kisha mtutu hushuka na kuachana nacho. Karibu kila bastola kubwa iliyofuata duniani, pamoja na Glock, imekopa wazo hilo. Kwa hiyo anayesema bastola za chuma zilikuwa zama za giza anapaswa kueleza kwa nini moyo wa bastola ya kisasa ulibuniwa ndani ya kilo moja ya chuma.

Kupunguza teke, 1918–1939

Zamu kubwa ya kwanza haikuwa plastiki. Ilikuwa hesabu iliyofanywa na Waingereza baada ya vita. Walikuwa wameona kwamba mtu aliyeandikishwa jeshini juzi, akafundishwa kwa siku chache, hawezi kupiga vizuri na Webley ya .455. Risasi yake ina kichwa cha gramu 17 hivi, na teke lake, hata ndani ya bastola ya zaidi ya kilo moja, linamfanya mwanafunzi afumbe macho kabla ya kufyatua. Kulikuwa na njia mbili: kuongeza saa za mafunzo au kupunguza risasi. Walipunguza risasi. Kipenyo kikawa .38, kichwa kikawa gramu 13, na mara teke lilipopungua hapakuwa na haja ya chuma kile chote. Enfield No. 2, iliyoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1930, ina gramu 765 hivi. Imepungua zaidi ya gramu 300, na ni chuma kitupu kama ile ya kwanza, yenye bawaba ile ile na nyota ile ile.

Mfano huu ndio nguzo ya hoja yangu, kwa kuwa hakuna malighafi mpya ndani yake. Kilichobadilika ni mtu. Mwaka 1938 wakaikata pia ncha ya nyundo, kwa sababu wanajeshi wa vifaru walilalamika kwamba inakwama wakipenya mle ndani. Matokeo yake kila risasi ilihitaji mvuto mrefu na mzito wa kifyatulio, na kulenga kukawa kugumu. Walikubali hasara hiyo. Bastola ilikuwa inaanza kuhukumiwa kwa namna inavyobebwa kabla ya namna inavyopiga.

Mwaka huo huo wa 1938 Ukambani kulikuwa na mambo mazito kuliko bastola yoyote. Serikali ilikuwa ikiwanyang'anya watu mifugo kwa jina la kuokoa ardhi, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, kikihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu aliongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu. Alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, lakini serikali ililegeza amri yake. Miongoni mwa yaliyoitia wasiwasi ni kwamba Wakamba walikuwa wengi sana jeshini na katika polisi. Mkono uliopewa bunduki ulikuwa umeanza kuhesabiwa kwa njia ambayo aliyeitoa hakuikusudia. Vita vya pili vilipokuja, vijana wa Machakos walikwenda Ethiopia, Madagaska na Burma, na mpaka vinakwisha bastola ilibaki hasa kwa afisa.

Mifereji ya mtutu, 1941

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mlowezi Lord Erroll alikutwa amekufa ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi, amepigwa risasi za kipenyo cha .32. Mshtakiwa, Sir Jock Delves Broughton, alikuwa ameripoti siku chache kabla kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Kesi hiyo imeandikwa mno kwa ajili ya mapenzi na pombe za walowezi, na hayo hayanihusu. Kinachohusu ni kwamba iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na muundo wa chuma. Ndani ya mtutu wa bastola huchongwa mifereji inayozunguka ili risasi iende ikizunguka, na mifereji hiyo huacha alama. Wakili wa utetezi, Henry Harris Morris kutoka Johannesburg, aliwabana wataalamu wa serikali wakubali kwamba risasi zilizomuua Erroll zilitoka kwenye mtutu wa mifereji mitano inayozunguka kulia, ilhali Colt huchonga sita inayozunguka kushoto. Broughton aliachiwa tarehe 1 Julai 1941. Gramu zinazofanana zinaweza kuficha silaha mbili tofauti kabisa, na mizani peke yake ni shahidi dhaifu.

Hali ya Hatari

Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, bastola ilitoka kwa afisa ikaenda kwa mlowezi, mwanamume na mwanamke, ikawekwa mezani wakati wa chakula na kando ya mto wakati wa kulala. Webley ya kilo moja haifai kukaa kiunoni mwa mtu anayekama ng'ombe na kukagua mashamba siku nzima, na bastola ndogo za .32 na .25 zilipata soko. Mbebaji alikuwa amemshinda mpigaji.

Msituni na mitaani mkono ulikuwa mwingine kabisa. Mafundi wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, kitasa cha mlango na mpira wa tairi ya ndani uliotumika badala ya springi. Hizi nazo zilikuwa silaha za chuma, na zinaonyesha kinyumenyume chuma cha Birmingham kilifanya kazi gani: bomba la maji halikusubuliwa ili lizuie mlipuko, na lilipopasuka liliumiza mwenye kulishika. Ndiyo maana bastola ya kiwandani ilikuwa na thamani kubwa. Dedan Kimathi alipojeruhiwa na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, mashtaka yaliyompeleka kwenye kitanzi tarehe 18 Februari 1957 yalikuwa ya kukutwa na rivolva ya Webley Scott ya .38 pamoja na risasi. Jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha anza kuzistaafisha rivolva za kipenyo hicho. Katika mkono wa Mwafrika bado ilitosha kumnyonga.

Browning, kisha Ceska

Iliyochukua nafasi ya rivolva ilikuwa kazi ya mwisho ya Browning. Alifariki mwaka 1926 akiwa kiwandani FN, Ubelgiji. Dieudonné Saive akaikamilisha, na mwaka 1935 Hi-Power ikatoka ikiwa na risasi 13 za milimita 9 katika gramu 900 hivi. Siri yake ni magazini inayopanga risasi safu mbili zilizopishana. Uingereza iliipitisha mwaka 1954. Batalioni za Keya zilipogeuka kuwa Kenya Rifles mwaka 1963, zilirithi utaratibu huo wa Kiingereza na pamoja nao risasi ya milimita 9. Tanganyika, baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, ilivunja jeshi lake na kuunda jipya, na China ikawa miongoni mwa waliolipatia silaha. Upande huo wa dunia ulitumia Tokarev na nakala zake: gramu 850, risasi nane, bila kufuli ya usalama ya kuwekwa kwa mkono. Kuitoa kufuli hiyo ni kuokoa vipande na fedha, na ni kudhani kwamba askari ataamriwa lini aweke risasi chemba. Serikali mbili, mikono miwili.

Kisha mwaka 1975, katika mji wa Uherský Brod, František Koucký alimaliza CZ 75, ambayo Kenya huitwa Ceska. Ajabu yake ni kwamba Chekoslovakia ya kikomunisti ilitengeneza bastola kwa risasi ya milimita 9 ya Magharibi, ambayo jeshi lake lenyewe halikuitumia. Iliundwa iuzwe nje iingize fedha za kigeni. Ubunifu wake: kifuniko cha juu hakikumbatii fremu kwa nje bali huteleza ndani yake, kama droo ndani ya meza. Kwa hiyo mtutu hukaa chini karibu na mkono, na bastola huinuka kidogo tu inapopiga. Hasara ni kwamba kifuniko hicho ni chembamba, na mwenye jasho mkononi hukivuta kwa taabu. Ina kilo moja kamili ya chuma, risasi 15. Kwa kuwa haki za ubunifu hazikulindwa nje ya nchi, wengine waliiga. Tanfoglio ya Italia ilianza, na mwaka 1990 Israeli ikatoa Jericho 941 juu ya msingi huo huo, yenye kilo moja na gramu mia moja hivi. Msomaji yeyote wa habari za polisi nchini Kenya amezoea majina haya mawili, Ceska na Jericho. Ni ndugu wa ukoo mmoja, na yote mawili ni ya chuma, katika enzi ambayo chuma kilidhaniwa kimepitwa.

Plastiki na pingamizi zake

Pingamizi la kwanza ni lile nililoanza nalo: kwamba uzito ulishuka mara tu malighafi ilipopatikana. Tarehe zinalikanusha. Colt ilitoa bastola ya fremu ya aluminiamu mwaka 1950; Walther P38 ya Wajerumani ilizaliwa upya kwa aluminiamu mwaka 1957; Heckler & Koch ilitoa VP70 yenye fremu ya plastiki mwaka 1970, miaka 12 kabla ya Glock, na haikushika soko. Koucký alikuwa na mifano ya aluminiamu mbele yake, akachagua chuma. Kwa risasi ile ile, bastola ya gramu 1,000 hurudi nyuma taratibu, na ya gramu 625 hurudi kwa kasi mara 1.6 ya hiyo. Polisi anayepewa risasi chache za mazoezi kwa mwaka husaidiwa na chuma zaidi ya hotuba ya mkufunzi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kama chuma humsaidia asiyefundishwa, kwa nini Glock, nyepesi hivyo, iliuzwa hasa kwa polisi wa kawaida? Jibu ni kwamba Gaston Glock aliugusa mkono mahali pengine. Hakuna kufuli ya kukumbuka kuifungua, hakuna nyundo ya kukokota, na kifyatulio huvutika kwa uzito ule ule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya 17. Rivolva iliwapa polisi urahisi huo huo tangu zamani. Alichukua teke kali zaidi na kulipa kwa mambo machache ya kukumbuka. Tena askari polisi hubeba bastola saa nane au kumi kwa siku, na wengi hustaafu bila kuwahi kuifyatua kwa mtu. Kwa kazi hiyo mnunuzi alihesabu mgongo na mkanda kwanza.

Wapo pia watakaosema tofauti yenyewe ni ndogo, kwa kuwa ukizijaza risasi pengo hupungua. Ni kweli kwa kiasi. Risasi moja ya milimita 9 ina gramu 12 hivi, hivyo Glock iliyojaa hubeba zaidi ya gramu 200 za risasi pekee, na Browning gramu 150 na ushee. Lakini risasi huondoka moja moja, na chuma cha fremu hubaki. Katika Glock uzito uliobaki uko hasa juu, kwenye kifuniko cha chuma, na mkononi huhisi tofauti na CZ, ambayo uzito wake uko pia ndani ya kiganja.

Kuna faida ya chuma ambayo wabunifu wa mwanzo hawakuifikiria. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 iliyataka mataifa ya eneo hili kuziwekea alama silaha zao zote ndogo, na kituo cha kikanda cha silaha ndogo, RECSA, chenye makao yake Nairobi, kimesambaza mashine za kuchapa alama hizo. Chuma hupokea alama kwa kina na huitunza. Hata ikisuguliwa kwa tupa, wataalamu mara nyingi huweza kuifufua kwa tindikali, kwa sababu chuma kilicho chini ya namba hubaki kimebanwa. Plastiki haina kumbukumbu hiyo. Watengenezaji wa fremu za plastiki hulazimika kupachika kibati kidogo cha chuma ndani yake, na namba ya bastola huchapwa hapo.